Vijisanamu 214 visivyopakwa rangi: uanzie wapi?

Swali la msomaji: "Nimekusanya vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani kwa miaka sita, na sasa ninavyo 214 vya kipimo cha milimita 28, vya majeshi mawili. Kama 60 bado vimo kwenye fremu zake za plastiki, 90 vimeunganishwa lakini havijaguswa na rangi, 38 vimepuliziwa rangi ya kwanza, na 26 niliviacha katikati. Nikiketi kupaka, kimoja hunichukua jioni nne. Kisha nachoka, naacha kwa miezi miwili, na mara nyingi nikirudi huwa nimeshanunua vingine. Nianzie wapi, na je, ni lazima nipunguze ubora ili nimalize?"

Ndugu msomaji,

Nakushukuru kwanza kwa kuhesabu. Wengi wanaonijia na shida hii husema wana vijisanamu "vingi" tu, na vingi haviwezi kupangiwa kazi, lakini 214 vilivyogawanywa kwa hatua vilizofikia vinaweza. Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua la kwanza.

Kwa jioni nne kila kimoja, mrundikano wako ni jioni 856. Ukipaka jioni tatu kwa juma bila kukosa, hiyo ni miaka mitano na nusu, nawe hujanunua hata kimoja zaidi. Si ajabu kwamba unachoka. Hata hivyo nisingependa ukimbilie kupaka ovyo ovyo, kwa sababu nimewaona waliofanya hivyo: walimaliza kikosi kimoja, wakakitazama, hakikuwapendeza, wakaiacha kazi yote. Tazama kwanza jioni hizo nne zinakwenda wapi. Niliwahi kujipima kwa saa nilipokuwa nikipaka askari wa mikuki, nikaandika kila dakika ambayo brashi ilikuwa imegusa plastiki. Katika saa mbili, brashi ilifanya kazi kwa dakika 50 hivi. Zilizobaki zilikwenda katika kuamua: mkanda huu uwe kahawia ipi, bizimu iwe ya shaba au ya fedha, ala ya upanga ifanane na viatu au isifanane, kivuli hiki kimetosha au niongeze kingine; kisha kutafuta kichupa, kukitikisa, kugundua kuwa rangi niliyoichagua haipatani na ngao, na kurudi nyuma kurekebisha.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usipunguze ubora, bali uuamue mara moja tu, juu ya askari mmoja, kisha usiuamue tena mpaka kikosi kizima kiishe. Chukua askari mmoja wa kawaida kutoka kila jeshi, asiwe jemadari wala asiwe mwenye mapambo mengi, umpake kuanzia mwanzo hadi mwisho pamoja na kitako chake, yaani kile kibao anachosimamia. Huyo mpe jioni nne zako ukipenda. Kila rangi unayotumia iandike kwenye kadi kwa jina lake lililo kwenye kichupa, kwa mpangilio ulioifuata, pamoja na mahali ilipokwenda. Akimalizika, msimamishe mezani, nawe urudi nyuma hatua moja au mbili, kwenye umbali ambao mchezaji husimama. Pale utaona jambo muhimu kuliko yote katika kazi hii: mboni za macho ulizozihangaikia kwa nusu saa hazionekani, ilhali ukingo wa kitako ulioachwa na madoa ya rangi unaonekana waziwazi. Kinachosomeka kutoka umbali huo ni rangi kuu zilizotengana vizuri, tofauti ya giza na mwanga, uso, silaha, na kitako. Chochote ambacho hakikuonekana ukifute kwenye kadi. Kadi iliyobaki ndiyo kiwango chako, na tangu hapo swali la "nipake vipi?" litakuwa limekwisha kujibiwa kabla hujakaa.

Usidhani kwamba kiwango cha namna hii ni cha wavivu. Katika Warhammer 40,000, ambayo huenda ndiyo mchezo wa aina hii unaochezwa zaidi kuliko mwingine wowote, kanuni zilizotoka mwaka 2020 zilianza kumpa mchezaji pointi 10 kati ya 100 kwa kuleta jeshi lililopakwa, na kinachotakiwa ni kiwango cha kufaa kwa vita tu: sehemu kuu zina rangi zake, na kitako kimekamilika. Ni kiwango cha haki. Ustadi wako mkubwa uweke akiba kwa majemadari, maana hao ndio ambao mgeni atawainua mkononi na kuwatazama kwa karibu.

Sasa nikueleze njia ninayoipendekeza kwa askari wa kawaida, kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo muda mwingi unapookolewa bila kuharibu kazi. Puliza rangi nyeusi ya kwanza mwili mzima. Ikikauka, chukua brashi kubwa ya duara yenye nywele laini (brashi za vipodozi vya uso zinafaa mno), itie kwenye rangi ya kijivu, kisha ipanguse kwenye kitambaa mpaka ionekane kana kwamba haina rangi tena. Hiyo ndiyo huitwa brashi kavu. Ipitishe juu ya kijisanamu kwa wepesi, kutoka juu kwenda chini. Sehemu zilizoinuka zitashika kijivu na mashimo yatabaki meusi. Rudia kwa nyeupe, lakini mara hii gusa tu kichwa, mabega, magoti na ncha za mikunjo ya nguo. Dakika tatu kwa kila askari, naye ana mwanga na kivuli chote atakachohitaji kabla hajapata rangi hata moja.

Juu ya hapo zinakuja zile rangi nyepesi zinazopenyeza mwanga, ambazo Games Workshop, kampuni inayotengeneza Warhammer, ilizitoa mwaka 2019 kwa jina la Contrast, na ambazo watengenezaji wengine nao wanazo za kwao. Tabia yake ni kwamba hutiririka: hukaa kwa wepesi juu ya mwinuko na kwa uzito ndani ya shimo, na kwa hiyo mkupuo mmoja huzaa rangi na kivuli kwa pamoja. Zinahitaji uangalifu wa aina mbili. Kwanza, usizisugue huku na huku kama unayepaka ukuta. Ziweke, zisukume mahali pake, uziache. Pili, tazama zinapojikusanya. Nikipaka joho jekundu, hujaza brashi, huiteremsha kutoka begani hadi pindoni kwa mkupuo mmoja, kisha huinama kutazama pindo lenyewe. Kwa kawaida pale chini, mahali mikunjo miwili inapokutana, huning'inia tone zito linalometa. Likiachwa, litakauka kama doa jeusi lenye ukingo mkali. Naiosha brashi, naipangusa ibaki na unyevu tu, naigusisha kwenye ncha ya tone, na rangi ya ziada hupanda yenyewe ndani ya nywele. Halafu naenda kwa askari wa pili. Kazi hiyo haifiki nusu dakika, na joho lenyewe linaonekana kama lililofanyiwa kazi ya saa nzima.

Kuna tahadhari moja kuhusu rangi hizo. Toleo la kwanza la Speedpaint, rangi za aina hiyohiyo za kampuni ya The Army Painter, lilikuwa likiyeyuka upya linapopakwa rangi nyingine ya maji juu yake, na jekundu lililodhaniwa limekauka liliingia kwenye nyeupe iliyofuata. Toleo la pili liliondoa tatizo hilo. Ikiwa una vichupa vya zamani, vitumie kwa rangi ya mwisho katika eneo lake, na usivipitie tena.

Vitu vya chuma ninavipaka kwa rangi ya kawaida ya fedha, kisha navifunika kwa rangi ya kivuli kama Nuln Oil, ambayo ni nyeusi na nyepesi kama chai. Ngozi na mbao huendana zaidi na kivuli cha kahawia. Ikiwa jeshi lako limevaa deraya kutoka kichwani hadi miguuni, geuza utaratibu: paka fedha kwa brashi kavu mwili mzima kwanza, tia kivuli, ndipo upake nguo na ngozi. Kazi inayochafua itangulie, ile inayohitaji usafi ifuate.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mafungu, yaani makundi ya askari wanaopakwa kwa mpigo mmoja. Paka askari wanane hadi kumi kwa pamoja, ukiweka rangi moja kwa wote kabla ya kushika nyingine. Sababu yake ni ya kukauka tu: ukimfikia wa kumi, wa kwanza tayari amekauka, nawe hungoji. Chini ya watano utakaa ukingoja. Zaidi ya kumi na wawili utapaka mikanda 20 mfululizo, moyo utakufa kwenye mkanda wa 14, na huo ndio mwanzo wa miezi yako miwili ya kuacha. Najua wapo wanaopaka 30 kwa mpigo na kufurahi, lakini watu hao hawaniandikii kuniomba ushauri. Wabandike askari kwenye vizibo vya chupa kwa tone la gundi ili upate pa kushika, maana kidole kinachogusa rangi mara kwa mara huiondoa kwenye ncha za silaha na puani. Kwa mkono wangu, fungu la kumi kwa njia niliyoieleza huchukua saa tano hadi sita kwa jumla pamoja na vitako, yaani kama nusu saa kwa kila mmoja. Hata wewe ukichukua saa nzima kwa kila mmoja, mrundikano wako umeshuka kutoka jioni 856 hadi saa 214.

Swali la uanzie wapi sasa linajibika. Usianze na vile 60 vilivyo kwenye fremu. Visahau kabisa kwa sasa, uviweke mahali usipoviona. Usianze pia na vile 26 vya katikati, ingawa kila mtu atakushauri uvimalize kwanza kwa kuwa vimekaribia mwisho. Viliachwa kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu ni kwamba hukumbuki rangi ulizotumia, au hukuzipenda tangu mwanzo. Anza na vile 38 vilivyokwisha kupuliziwa rangi ya kwanza, na katika hivyo chagua kikosi ambacho utakiweka mezani kwenye mchezo wako ujao. Kikosi kilichopakwa jana na kucheza leo kinampa mpakaji nguvu ambayo kikosi kinachokwenda kabatini hakiwezi kumpa. Ikiwa 38 hao walipuliziwa rangi ya kijivu au nyeupe, hakuna haja ya kurudia weusi: zile rangi nyepesi zinafanya kazi vizuri juu ya msingi mweupe, ila vivuli vitakuwa laini zaidi.

Ukimaliza mafungu mawili, ndipo uvirudie vile 26. Kitazame kila kimoja kwenye mwanga wa pembeni. Ikiwa rangi ya zamani ni nyembamba na mikunjo ya nguo na vidole bado vinaonekana kwa ukali, usihangaike kuiondoa. Puliza weusi juu yake na ukifanye kama kipya. Ikiwa rangi imejaa mpaka uso umekuwa kama nta iliyoyeyuka, basi iondoe. Isopropili alkoholi huondoa rangi za akriliki kwenye plastiki ngumu na kwenye chuma kwa kuloweka na kusugua kwa mswaki laini, ukiwa umevaa glavu na madirisha yakiwa wazi. Resini, yaani ile plastiki ya kumiminwa, usiiloweke kwa muda mrefu, maana inaweza kulainika. Asetoni usiisogeze karibu na plastiki hata kidogo, kwa kuwa itaiyeyusha.

Kwa vile 90 vilivyounganishwa, una kazi moja ya maandalizi ambayo ni afadhali uifanye yote kwa siku mbili au tatu tofauti na siku za kupaka: kukwangua mishono ya kalibu. Huo ni ule mstari mwembamba unaopita pembeni mwa mguu na juu ya kofia, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukweli ni kwamba brashi kavu haisamehe; mstari ambao hukuuona ukiwa wa kijivu utang'aa mweupe baada ya hatua ya pili. Tumia mgongo wa kisu, usitumie makali. Shughulikia uso, mabega, miguu na mpini wa silaha, uache mishono iliyo kwapani na nyuma ya ngao. Vya resini vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa kuwa hubaki na mafuta ya kutolea kwenye kalibu, na rangi iliyowekwa juu ya mafuta hayo hutoka kwa kidole gumba. Vya plastiki laini inayopindika, kama vile vinavyokuja na michezo ya ubao, vijaribu kwa kimoja kwanza, kwani baadhi ya rangi za kupuliza hubaki zinanata juu yake siku nyingi. Kwa hivyo ni salama zaidi kutumia rangi ya kwanza ya akriliki kwa brashi. Mikuki yake iliyopinda hunyooka ukiitia kwenye maji ya moto, ukainyoosha, kisha ukaitia kwenye maji baridi.

Upulizaji wenyewe unastahili heshima kuliko unavyopewa. Tikisa kopo kwa dakika mbili kamili, simama umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza nje ya kijisanamu na umalizie nje yake, kwa mikupuo mifupi. Zaidi ya yote, tazama hewa. Niliwahi kupulizia wapanda farasi 30 mara tu baada ya mvua kukatika, hewa ikiwa bado nzito, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuanza kupaka usiku ule. Walipokuwa wabichi walipendeza. Asubuhi nilipitisha kidole juu ya paja la farasi nikahisi msasa: rangi ilikuwa imekauka kwa chembechembe, na brashi kavu iliyofuata ilionyesha kila chembe. Nililazimika kuwaloweka wote na kuwasugua, na kazi ya saa moja ikanigharimu wiki tatu. Tangu wakati huo, hewa ikiwa na unyevu mwingi, ninafanya kazi nyingine. Shida hiyohiyo huzuka upande wa pili ikiwa kuna joto kali na upepo, au ukisimama mbali mno, kwa sababu rangi hukauka kabla ya kufika.

Kuhusu kuacha kwa miezi miwili, kuna jambo dogo ambalo naliamini sana. Ikiwa kila mara unatoa vichupa, taa, maji na brashi kutoka kabatini, na kuvirudisha ukimaliza, basi nusu saa ya nafasi haitoshi kuanza, na utangoja jioni nzima ambayo haiji. Kama huna meza ya kudumu, weka kila kitu cha fungu moja kwenye sinia pana: askari kumi, vichupa vilivyotajwa kwenye kadi na si kimoja zaidi, brashi mbili, kadi yenyewe. Sinia hiyo itolewe na kurudishwa kama ilivyo. Bandu bandu huisha gogo, lakini shoka liwe karibu na mkono. Vile vile ukiacha kazi katikati, andika kwenye kadi ulipofikia, ili ukirudi baada ya siku kumi usianze na swali.

Kuhusu ununuzi, sitakukataza, maana sijamwona mtu aliyeweza kushika katazo hilo. Ninachokuomba ni kwamba kijisanamu kipya kisifunguliwe mpaka fungu lililo mezani limalizike, na kumalizika kuwe na maana moja tu: ukingo wa kitako umepakwa rangi moja safi, vanishi isiyong'aa imepuliziwa katika hewa kavu, na askari amewekwa pamoja na wenzake wa kuchezewa. Vanishi ukiipuliza kwenye unyevu inaweza kuacha ukungu mweupe juu ya kazi yote, basi masharti ya rangi ya kwanza yashike tena hapa. Kuna pia vile ambavyo hutavipaka kamwe, kwa kuwa jeshi lake hulichezi tena. Umesema una majeshi mawili. Ikiwa moja hujaliweka mezani kwa mwaka mzima, mpe au muuzie anayelicheza, na huenda 214 zikawa 120 kwa siku moja. Najua inauma, hasa kwa vile vya kwanza ulivyonunua. Bakiza kimoja au viwili vya kumbukumbu.

Majemadari na wanyama wakubwa waje kati ya fungu na fungu, mmoja kwa wakati, bila kadi na bila saa. Hapo ndipo jioni zako nne zinapostahili kutumika, na hapo ndipo unaweza kuchanganya rangi kwenye sahani ya unyevu, ile inayozuia rangi isikauke upesi, kujaribu mboni za macho, na kurudia ngao mara tatu mpaka ikuridhishe.

Kwa juma hili, basi, toa vile 38, utenge kumi unaowahitaji kwenye mchezo ujao, umchukue mmoja wao awe wa majaribio, na uandike kadi. Tisa waliobaki wabandike kwenye vizibo usiku huohuo, kabla hujaenda kulala, ili kesho yake uwakute wamesimama kwenye sinia wakikungoja.